Suruali ya Kwenda Mahakamani

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti, akifumua mshono wa suruali ya binti yake, mguu wa kushoto, kuanzia pajani kushuka. Binti alisimama juu ya stuli, ameshika ukingo wa meza. Alikuwa amefariki mwaka uliopita, na mguu huo ulizidi kuvimba kila kesi ilipoahirishwa.

"Usitikisike."

"Mkono wako wa baridi, mama."

"Wa baridi ni wewe."

Wakacheka kidogo. Fundi akaongeza kipande cha kitambaa pembeni, akakibana kwa pini.

Damu ilikuwa imeganda kwenye mguu huo, ikapanda mapafuni. Daktari alisema vidonge vya uzazi wa mpango vilichangia. Wanawake wengi walivimeza miaka na miaka bila kudhurika, na fundi hakubisha. Alichoiomba mahakama ni kimoja tu: kabla ya kupewa, kila mwanamke aulizwe peke yake kama kwao kuna mtu aliyewahi kuganda damu. Amri hiyo ikitolewa, binti alisema, mguu utanywea na yeye ataenda kupumzika. Alikuwa amechoka sana.

Kliniki waliuliza benchi zima kwa pamoja. Nesi alisimama mlangoni: "Kuna mwenye damu kuganda kwenye ukoo wake?" Benchi likaitikia "Hakunaaa!" kama darasa, akaanza kugawa. Binti naye aliitikia. Nyumbani alikuwa amesikia tu kwamba mama yake aliumwa mguu baada ya kujifungua. Habari za damu hakuna aliyewahi kumwambia.

Mahakamani karani aliita majina.

"Marehemu?"

"Nipo."

Karani akamletea kiti cha kuegeshea mguu.

Wakili wa kampuni ya dawa, mtu mpole, alianza kwa kumpa binti pole ya msiba wake. Kisha akasema onyo limo ndani ya boksi, kliniki iliuliza, na binti alijibu hakuna. Tena huyu ni mmoja tu.

Nesi akapanda kizimbani.

"Niliuliza, mheshimiwa. Foleni ilifika barabarani. Ningeuliza mmoja mmoja, wa mwisho angefikiwa tayari ana mimba."

Watu wakacheka. Nesi hakucheka. Hakuwa amemwangalia binti tangu aingie.

Wakili wa fundi akaomba marehemu aeleze mwenyewe. Binti akasimama kwa taabu.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Karani, hiyo usiiandike."

Hakimu alipekua kitabu cha sheria kwa muda mrefu, kwa nia njema. Mwisho akasema kiapo ni cha walio hai. Mahakama inamwona marehemu, ila haiwezi kumsikia. Na kwa ajili ya mtu mmoja haiwezi kuzibadilishia kliniki zote utaratibu. Kama wapo wengine waliodhurika, waletwe. Kesi ikaahirishwa.

Kabla hawajafika getini, mshono mpya ulikuwa umeshapasuka.

Wengine walifika dukani kwa fundi baada ya chakula cha mchana. Walijipanga barazani, kila mmoja na mguu mmoja mnene kuliko wa pili. Mmoja alikuwa mwalimu, vumbi la chaki bado vidoleni. Mwingine alivaa gauni la hospitali, akilishikilia kwa nyuma.

"Tumesikia tunahitajika," alisema mwalimu.

"Mtaonekana tu, dada zangu," binti akawaambia. "Kusikilizwa, msahau."

"Basi angalau tuonekane tumevaa nguo za maana," akasema wa gauni la hospitali. "Mimi nimezikwa hivi hivi, mgongo nje."

Fundi aliwaambia ukweli kwamba haitasaidia. Hakuna aliyeondoka. Akachukua futi yake, akaanza kuwapima mmoja mmoja nyuma ya pazia. Kila mmoja alikuwa na maneno ya kusema, kwa hiyo kazi ilikwenda polepole. Nje, kina dada waliotoka kliniki walipita na mifuko yao midogo ya vidonge, wakawasalimia waliokaa barazani, wakasalimiwa.

Jua lilipozama alikuwa amemaliza suruali ya mwalimu na upande mmoja wa sketi ya yule wa hospitali. Macho yakamchoka. Akaiacha sketi chini ya sindano, akaifunika cherehani, akawaambia waliobaki waje kesho.

Hawakuwa na pa kwenda. Wakabaki palepale barazani.