Mpaka wa Matango

Rebeccah alikuwa akipanga chupa za jemu kwenye sufuria, kitambaa kikuukuu kikiwa chini yake ili zisigongane, shemeji yake Isaiah alipopita nyuma ya jiko akiwa amebeba miche ya chai. Hakupiga hodi. Alishuka moja kwa moja hadi kwenye kishamba cha matango na kuanza kuchimba mashimo.

"Shemeji," Rebeccah alisema kupitia dirishani, kwa ile sauti yake ndogo ambayo hata kanisani mchungaji humwomba arudie, "hapo kuna matango."

"Toa yaliyokomaa," Isaiah alijibu bila kuinua kichwa. "Sikukimbizi."

Rebeccah akayatoa.

Kipsang, marehemu mume wake, na Isaiah walikuwa wamegawiwa shamba na baba yao upande huu wa Roret, nusu ya juu kwa Isaiah, nusu ya chini kwa Kipsang. Hawakupanda ua katikati. Kwa watu wa huko, kumwekea ndugu yako ua ni kama kumwita mwizi, na Kipsang alikuwa mtu wa kuona haya hata kwa niaba ya wengine. Alipozikwa, chai ya Isaiah ilianza kuteremka. Kila msimu wa mvua mstari mwingine ulivuka. Kisha Isaiah akajenga nyumba mpya ya mabati, na sebule yake ikakalia mahali ambapo Kipsang alikuwa akifunga ng'ombe. Chai ikishashika mizizi hakuna mzee wa kusema ing'olewe, na Isaiah alilijua hilo vizuri. Kilichokuwa kimebaki ni kile kishamba cha udongo mweusi kando ya mto, na hicho ndicho kilichokuwa kikimsomesha Nelvine, binti wa pekee wa Rebeccah.

Matango yale ya mwisho yalilala kwenye chumvi usiku kucha. Asubuhi Rebeccah aliyakamua maji. Chuoni, alikosomea mapishi, alifundishwa kwamba chupa husafishwa kwa maji yanayochemka na basi. Yeye alichemsha, halafu akaongeza lake: alichoma kijiti cha mti wa senetwet na kusugua ndani ya kila chupa kwa kaa lake, kama mama yake alivyosugua vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, ili yasiharibike. Siku hiyo alisugua kwa nguvu kuliko kawaida. Akajaza matango, akamwaga siki ya moto yenye sukari, kitunguu saumu na mbegu za dania, akapangusa midomo ya chupa, akafunga na kuzichemsha tena. Zilipopoa, vifuniko vilibonyea kimoja kimoja, tik, tik.

Baada ya siku chache vifuniko vilikuwa vimeinuka. Matango, yaliyokatwa na kupikwa kwa siki, yalikuwa yameota.

"Ati yameota?" alisema Wamuyu, mwenye duka la Litein aliyekuwa akiuza achari ya Rebeccah. "Si ni mboga? Wewe toa majani, uniletee. Wateja wanapenda hiyo moshi yake."

Rebeccah alizitoa chupa nje zipate jua. Kufikia mwisho wa wiki machipukizi ya chupa zote yalikuwa yamesokotana kuwa mtango mmoja, mnene kama kamba ya ng'ombe. Haukutangatanga kama mitango mingine. Ulipanda mlima ukiwa umenyooka, kisha ukageuka na kukata chai kwa upana, ukaingia nyumba mpya ya Isaiah kupitia mwanya chini ya ukuta, ukapita chini ya kochi, ukatokea upande wa pili na kwenda hadi barabarani. Ulifuata mahali pale pale Kipsang alipowahi kumwonyesha Rebeccah kwa kidole kuwa ndipo shamba linapogawanyika, walipokuwa wachumba.

Phyllis, mke wa Isaiah, ndiye aliyekuja kwanza.

"Mama Nelvine, hiyo kitu yako imeingia kwangu."

"Pole. Inakusumbua?"

"Haisumbui. Ni kufagia tu. Naiinua, nafagia, naiweka chini." Phyllis aligeuka aondoke, akarudi. "Na hayo matango madogo ya chini ya kochi, nichume ama nikuachie?"

"Niachie," Rebeccah alisema. Tangu aolewe, hakuwa amewahi kumnyima mtu kitu.

Isaiah aliukata mtango kwa panga. Ulipokatwa ulitoa siki, na panga likashika kutu. Kesho yake mtango ulikuwa pale pale, mnene zaidi. Baada ya kupoteza panga la pili, alimwita chifu.

Chifu alikuja na wazee. Waliketi sebuleni kwa Isaiah, wengine upande huu wa mtango, wengine upande ule, wakala ugali kwa achari aliyokuja nayo Rebeccah. Mzee mmoja aliutazama mtango kutoka ukuta hadi ukuta.

"Baba yao alitembea hapa hapa akiwagawia," alisema. "Nilikuwa nyuma yake."

Isaiah alimega tonge. Aliomba apitishiwe chumvi.

Chifu alipangusa vidole. "Mpaka ni huu, hakuna ubishi. Lakini chai imeshika, nyumba imesimama, na huyu mama hana kijana wa kurithi. Sasa tubomoe nyumba ya mtu juu ya tango?" Wazee walicheka. "Mama, hata hako kakipande ka mtoni muachie shemeji. Wewe utaolewa, utatoka." Kisha akachukua chupa moja mezani na kuitia mfukoni mwa koti.

"Sitatoka," Rebeccah alisema. Hakuna aliyemwomba arudie. "Na hiyo chupa inauzwa."

Chifu alilipa.

Mvua ya El Nino ilikuja, na chai ya mtoni ikashika mizizi kama nyingine zote. Hakuna aliyesema ing'olewe. Siku moja asubuhi na mapema, kabla wachumaji hawajaingia shambani, Rebeccah alijifunga leso, akachukua kikapu na kuufuata mtango kutoka mlangoni kwake. Alikanyaga katikati ya chai ya Isaiah bila kupunguza mwendo, akichuma. Mlangoni pa nyumba mpya alipiga hodi na kuingia kabla ya kujibiwa. Isaiah alikuwa kwenye kochi, akinywa chai.

"Inua mguu, shemeji."

Isaiah aliinua miguu yote miwili, kikombe mkononi, akaishikilia hewani mpaka Rebeccah alipomaliza kuchuma.