Paa Lililowahamisha Wazungu wa Harkin Bend

Verna Lee Stribling alikuwa na karatasi moja tu ya kusoma, na karatasi hiyo ilikuwa na uongo mmoja tu, ila ulikuwa uongo mnene wa kushibisha mji mzima.

Akademia ya Harkin, shule ya binafsi ya wazungu wa mji wa Harkin Bend, ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Mwalimu mkuu wake, Hoyt Cargill, alimwomba Verna aandike historia kwa kuwa alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza. Marehemu mama yake alitunza vitabu vya shule hiyo miaka thelathini bila mshahara, na Hoyt aliahidi kuipa maktaba mpya jina la mama huyo, mradi historia iwe ya kupendeza.

Verna akaenda kuwauliza waasisi waliobaki hai. Kwa nini Januari 1970, katikati ya mwaka wa masomo, wazungu wote waliwatoa watoto wao shule ya umma wakawapeleka kwenye kiwanda cha zamani cha kuangulia vifaranga kilichogeuzwa kuwa akademia? Mzee Dub Frazier alisema walitaka Kifaransa. Verna hakukumbuka Kifaransa chochote, alikumbuka harufu ya kuku. Dada yake Dub akasema ni sala. Mwingine alisema maharage ya shule ya umma yalizidi chumvi. Kwamba mahakama ilikuwa imeamuru watoto weusi na weupe wasome darasa moja, hilo hakuna aliyelikumbuka. Kusahau kwa pamoja nako ni kipaji.

Kamati ya jubilei ikapiga kura kuchagua sababu moja, na paa likashinda. "Tuliondoka kwa sababu paa la shule ya umma lilikuwa linavuja." Verna akaandika hivyo, akajichukia kidogo, akakunja karatasi.

Siku ya jubilei mvua ilinyesha ya kukata na shoka. Paa la akademia, lile lile la vifaranga, likaanza kudondosha maji kwenye saladi ya viazi, kisha kichwani mwa Mzee Dub, ambaye alifungua mwavuli akaendelea kula. Hoyt akapiga simu makanisani. Wabaptisti walikuwa na harusi, Wamethodisti walikuwa na mazishi. Ikabaki sehemu moja.

Earnestine Gaddis, mkuu wa shule ya umma, mwanamke mweusi wa rika la Verna, aliwafungulia mwenyewe ukumbi wa shule yake. Wakapita mbele yake mmoja mmoja na mabakuli yao, wamelowa chapachapa.

"Bi Gaddis, tunakushukuru mno," Hoyt alisema. "Ni dharura ndogo tu. Paa letu lina... lina unyevu."

"Poleni. Letu ni la mwaka 1931, na halijawahi kudondosha tone. Pangusa miguu, mwalimu."

Verna akaikunjua karatasi yake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa fupi kupita kiasi.

"Soma kama ilivyoandikwa, Bi Verna," Hoyt alimnong'oneza. "Mfikirie mama yako."

Akamfikiria. Mama yake alijua kila kitabu na rafu yake, na karatasi hii angeipeleka moja kwa moja kwenye rafu ya hadithi za kubuni.

Akasimama, akasoma. Alipofika kwenye paa, watu mia mbili waliinua nyuso juu kwa pamoja. Mvua ilikuwa inalipiga lile paa kwa hasira. Wakasubiri. Hakuna kilichoshuka.

Verna akaiweka karatasi chini. "Halikuwa paa," alisema. "Tulimkimbia Earnestine."

Hoyt alijifunika uso kwa kitambaa cha meza, na Verna akajua kwamba lile jina la maktaba limekwenda. Ilimuuma, kwa sababu mama yake alistahili.

"Na maharage," Mzee Dub alisema kutoka chini ya mwavuli, maana alikuwa bado hajaufunga.

"Funga hilo dude, Dub," dada yake alimwambia. "Humu ndani ni pakavu."

Watu wakacheka, wengine kwa kutaka kucheka, wengine kwa kukosa pa kuweka macho. Earnestine hakucheka. Alikuwa anamtazama Verna.

"Januari ile mwalimu alinipangia kiti kando ya chako," alisema. "Niliambiwa una mwandiko mzuri, nikafurahi nitapata wa kumwiga. Kiti chako kilikaa kitupu mpaka Mei, shule ilipofungwa."

Verna alimwendea. Akavuta kiti, akakaa kando yake.