Jina Lingali Linatumika

Njoki alimwosha mjukuu wake kwenye karai asubuhi, baada ya kupasha maji jikoni na kufunga mlango ili upepo wa upande wa reli usimpate. Mtoto hakulia. Aliingizwa majini, akasuguliwa makwapa, akageuzwa, akapakwa mafuta, na muda wote akawa anatazama dari kama mtu aliyepanga foleni benki. Tangu azaliwe hakuwa amelia wala kucheka. Alinyonya alipopewa titi, akalala alipolazwa. Ukimwita jina, hakugeuka.

Jina lake lilikuwa Githinji. Alikuwa kifungua mimba wa Ryan, mwana wa pekee wa Njoki, na kwa desturi ya kwao mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wala jambo hilo halijadiliwi. Babu mwenyewe, mumewe Njoki, aliangukia kibodi kazini mwezi wa pili na akazikwa Murang'a. Mtoto alizaliwa mvua za masika zilipokuwa zikiisha. Njoki alimwita "mume wangu" tangu siku ya kwanza, kama nyanya wa kwao wanavyowatania wajukuu waliobeba majina ya waume zao, na tangu siku ya kwanza mume huyo hakumjali hata kidogo. Kwa kweli hilo halikuwa geni kwake. Miaka yote ya ndoa alimpigia yule mkubwa simu kila jioni kumuuliza yuko wapi, naye akajibu kila jioni, "Nikimaliza hii nakuja." Njoki alikula ugali baridi mpaka akausahau ule wa moto.

Kliniki walimpima mtoto wakasema uzito ni mzuri. Eve, mama yake, alilia wiki kadhaa kisha akaacha, kwa sababu alikuwa na kazi ya kurudia. Ryan alisema, "Mum, mtoi ako sawa. Ni mtulivu tu." Ryan aliona kila kitu kiko sawa. Nyumba ingeungua angesema ni joto la msimu.

Mchana mmoja tu mtoto alikuwa amekuwa mtu. Transfoma ililipuka kule Industrial Area, mlipuko ukasikika hadi kwao Makongeni, umeme ukakatika, na papo hapo mtoto akalia. Alilia kwa hasira, akakojolea leso nzima, akamshika Njoki sikio na kumcheka usoni. Eve alipiga magoti kando ya kitanda akamshukuru Mungu kwa sauti. Stima iliporudi jioni, mtoto alinyamaza katikati ya kicheko, na macho yakarudi darini. Njoki aliliweka hilo moyoni bila kumwambia mtu.

Jibu lililetwa na Ruqiya. Huyu alikuwa binti wa Eastleigh aliyefanya kazi meza moja na marehemu, na alikuja Jumapili kumwona mtoto kama inavyotakikana, amebeba sabuni, sukari na blanketi. Alimpakata, akamwita jina, akamtazama machoni kwa muda mrefu. Kisha akanywa chai, na kwa sauti ya mtu anayetaja jirani aliyehamia mtaa wa pili, akasema kwamba mzee bado anaingia kazini.

Alieleza bila haraka. Kampuni yao ilitunza seva za watu: za zahanati, za maduka makubwa, za vyama vya akiba. Seva zenyewe hazikuwa za ukoo mmoja. Kulikuwa na za Windows, za Linux, na moja kuukuu ya Solaris ambayo hakuna aliyejua ilifikaje pale, na ambayo haikumtii yeyote isipokuwa mzee. Zote zilitawaliwa kutoka ukurasa mmoja wa kivinjari walioupa jina la Paneli. Ukiingia Paneli unazima, unawasha, unasahihisha, mashine iwe ya aina gani na iwe wapi, wewe umekaa tu na kikombe chako. Lakini kuingia kunataka jina na nenosiri, na kufungua jina jipya kulitaka idhini ya Bwana Kimeu, mkuu wa shughuli, na Bwana Kimeu alikuwa semina Naivasha. Kila ukimtafuta alikuwa semina Naivasha. Basi ofisi nzima ilizoea kuingia kwa jina la Githinji. Waliingia hivyo alipokuwa hai, na walipotoka mazishini, hata matope hayajabanduka viatuni, walikaa wakaingia hivyo tena. Mtu anayeitwa jina lake kila asubuhi na chumba kizima ataondokaje?

Haukupita muda wakaona kazi inafanywa kabla hawajafika. Kiti chake kilikuwa na joto. Sweta yake ya kijivu ilitoka kwenye msumari ikahamia mgongoni mwa kiti. Kwenye Paneli, kando ya jina lake, taa ndogo ya kijani haikuzimika. Hakuna aliyeshtuka. Mhasibu aliuliza tu kama atahesabiwa chakula cha mchana, na alipoambiwa la, alishukuru.

"Mnamwona?" Njoki aliuliza.

"Hatumwoni, Mama Ryan. Lakini yuko. Hata kukohoa anakohoa."

Njoki alimtazama mtoto aliyelala na macho wazi kwenye blanketi jipya. Alikumbuka mchana ule stima ilipopotea, akaelewa basi kwamba jina ni moja, na lilikuwa limeajiriwa.

Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akavuka reli kwa miguu hadi Industrial Area. Mapokezi palikuwa na picha ya mumewe iliyokuzwa na kutiwa fremu, na chini yake maneno: Mfanyakazi Bora wa Mwaka. Njoki alihesabu miezi kichwani akaona kwamba tuzo hiyo alipewa akiwa kaburini. Alipokuwa hai walimpa mwavuli.

Bwana Kimeu, ajabu ya yote, alikuwepo. Alikuwa mtu wa kuvaa kadi ya kazi shingoni hata mazishini. Kule Murang'a alisoma rambirambi kutoka kwenye simu, akamwita marehemu Gichuru mwanzo hadi mwisho, na wafiwa wakamwachia kwa sababu alikuwa mgeni. Sasa alimkaribisha Njoki kwa mikono miwili na uso wa huzuni aliokuwa ameutayarisha mlangoni. Njoki hakuzunguka. Alimwomba aliondoe jina la mumewe kwenye mashine zao ili mtoto alipate.

Bwana Kimeu alimsikiliza vizuri. Hakubisha hata neno moja. Kwake yeye jambo hilo lilikuwa la kawaida kama likizo ya uzazi. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akaegemea kiti.

"Mama, nikuambie ukweli. Huyu ndiye mfanyakazi bora tuliyewahi kuwa naye, na sasa amekuwa bora zaidi. Haugui, haombi ruhusa, haendi hata msalani. Nikimwondoa, ile Solaris ataishika nani?"

"Mfundishe mwingine."

"Tungependa. Lakini hilo haliko kwenye mpango wa mwaka huu." Akafikiri kidogo, akafurahia alichokifikiria. "Mtoto mpe jina lingine. Majina yako mengi."

Mtu wa namna hii angemwambia mama aliyeibiwa mtoto kwamba watoto wako wengi. Njoki alimtazama shati, kadi, na kidevu kilichonyolewa vizuri, akaona kwamba ndani ya vitu hivyo hapakuwa na mtu wa kumlilia. Aliomba basi amsalimie mumewe. Bwana Kimeu aliruhusu mara moja, kwa sababu salamu hazimo kwenye bajeti, na akampitisha njiani kumwonyesha jenereta jipya, kubwa kama kontena, walilonunua baada ya transfoma kulipuka. Alilipapasa ubavuni. Alisema kwa fahari kwamba sasa stima haitapotea pale hata nchi nzima ikiwa giza.

Walipoingia chumba cha mafundi, mtoto aligeuza kichwa. Njoki alihisi shingo ile ndogo ikinyooka mgongoni mwake, kisha mguu ukampiga ubavu, kisha kicheko. Watu waliinua macho, wakamtazama, wakarudi kwenye vioo vya kompyuta zao. Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu na sweta ya kijivu mgongoni. Kilinuka sabuni ya kufulia aliyoitumia Njoki mwenyewe.

Ruqiya alifungua Paneli, akamwonyesha taa ya kijani. Akamwambia aseme, yeye ataandika.

"Mwambie huyu ni mjukuu wake," Njoki alisema. "Mwambie ana jina lake na haliwatoshi wawili. Mwambie atoke, aende alale. Nimesema mimi."

Ruqiya aliandika vyote. Mtoto alikuwa ananyoosha mikono kuelekea kiti, anabwabwaja. Ndani ya chumba mtu alikohoa, kikohozi cha sigara za zamani ambacho Njoki angekitambua kati ya elfu. Kisha maneno yakajipanga kwenye kioo, herufi baada ya herufi, polepole, kama alivyoandika maisha yake yote kwa vidole viwili.

Nikimaliza hii nakuja.

Njoki hakulia. Alichukia. Alimchukia aliyeandika, akaichukia ile "hii" isiyoisha, akawachukia walioiweka mbele yake kila siku kama nyasi mbele ya punda. Alimwambia Ruqiya afute.

Ruqiya alitazama mlango, akaona Bwana Kimeu amerudi kwenye simu yake, akabonyeza mahali pa kufuta mtumiaji. Paneli ilikataa. Iliandika kwamba jina hili lingali linatumika, na kwamba halifutiki mpaka wote walioingia kwa jina hilo watoke. Hilo lilikuwa jambo dogo. Ruqiya alisimama, akawaeleza wenzake waziwazi: kila mtu atoke kwenye Paneli kwa pamoja, muda wa kupepesa jicho, mzee apumzike na mtoto apate jina. Walimwelewa. Wengine walikuwa wamembeba mzee begani hadi kaburini. Wote walisema ni kweli, ni vibaya, ni muhimu.

"Nikimaliza hii," alisema wa kwanza, bila kuinua kichwa.

"Hata mimi, nikimaliza hii," akasema wa pili.

Ruqiya alisubiri. Alitoka yeye peke yake, akakunja mikono kifuani, akasimama katikati ya chumba mpaka aibu ikawa yake yeye. Mmoja alitoka, akaona taa nyekundu ya seva ya zahanati, akarudi. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya mle ndani. Walikuwa watu wazuri wenye kazi, na hao ndio wasiowahi kupata nafasi.

Aliyepata suluhisho ni Bwana Kimeu. Alimsikia mtoto akicheka, akaja, akaona jinsi anavyorusha miguu, akauliza kama nyumbani pia huwa hivyo. Alipoambiwa la, alitabasamu tabasamu la mtu aliyepewa wazo bure. Basi mama amlete tu, alisema. Amlete kila asubuhi, akae naye hapo kando ya kiti. Na kwa kuwa atakuwa amekaa bila kazi, pengine hatajali kuwachemshia vijana chai.

Njoki angependa kumtemea mate. Lakini mtoto alikuwa amemshika sikio, anacheka, na kicheko hicho kilipatikana mahali pale tu katika Nairobi nzima. Alikubali. Aibu ya kukubali aliibeba yeye; mwenye kustahili kuibeba alikuwa ameshatoka kwenda semina Naivasha.

Mwaka ukazunguka hivyo. Asubuhi Njoki alimbeba mtoto kimya hadi getini, na sasa mtoto hakungoja chumba cha mafundi; alipovuka geti tu akaamka. Alicheka, akalia, akaota meno, akajifunza kutambaa kati ya nyaya. Alisimama kwa mara ya kwanza akishikilia sweta ya kijivu, na kiti hakikuyumba. Eve hakuliona hilo, alikuwa kazini. Alionyeshwa kwenye simu. Jioni, wakirudi, mtoto alinyamaza mahali pale pale, kando ya muuza mahindi choma. Njoki alijifunza kusimama ndani ya geti mpaka amalize kucheka, ndipo atoke. Mafundi walizoea chai yake. Wakawa wanamwambia, bila kugeuka, kwamba leo tangawizi imezidi. Kampuni ilitunukiwa cheti cha mahali pa kazi panapojali familia, na picha ya Njoki na mtoto ikatundikwa mapokezi, chini kidogo ya ile ya mumewe.

Ruqiya aliacha kazi. Alisema hawezi tena kuitwa jina la mtu. Aliyechukua nafasi yake hakufunguliwa jina, kwa sababu idhini haikuwa imetoka.

Mtoto alichelewa kusema, na Njoki hakumharakisha. Alimfundisha neno moja moja akiosha vikombe: maji, cucu yaani nyanya, mama. Mtoto alimtazama mdomo kwa makini, akarudi kwenye kibodi mbovu waliyompa achezee sakafuni, miguuni pa kiti. Aliibonyeza kwa vidole viwili.

Jioni moja Njoki alisuuza sufuria, akavua aproni, akachukua leso. Jua lilikuwa bado kwenye dirisha. Alimwambia, "Haya, mume wangu, twende nyumbani. Mama amepika." Mtoto hakuinua kichwa. Njoki alimwita jina, naye akasikia, maana mle ndani alisikia vizuri kabisa. Alifungua mdomo na kusema maneno yake ya kwanza, wazi, bila kitata.

"Nikimaliza hii."

Hakuna fundi aliyegeuka. Kwenye kiti cha dirishani mtu alikohoa. Njoki alikunja leso yake, akaketi kwenye stuli karibu na mlango, mkoba mapajani, akangoja.