Kigingi cha Ekotoni

Neno ekotoni nililisikia Mbweni, mwaka sabini na tano, na katika kuzunguka kwangu kote sijakutana tena na mtu anayelijua. Mwaka huo kibarua changu kilikuwa kubeba vigingi vyekundu na kushika mnyororo wa kupimia nyuma ya Bwana Gregori, ofisa wa mipango, aliyesomea ardhi na mimea Ulaya akarudi hajui kucheka.

"Ekotoni," alinieleza, "ni pale viumbe wa upande mmoja wanapokutana na viumbe wa upande wa pili. Hapa ni bahari na nchi kavu. Mimea ya chumvi inachanganyika na mimea ya bara. Kwenye ramani yangu ukanda huo haulimwi wala haujengwi."

"Aliyekwishajenga je?"

"Anahama."

Basi maana yake ndiyo hiyo, na matumizi yake niliyaona siku ileile.

Aliyetuongoza alikuwa Jabiri, mjumbe wa nyumba kumi, mzaliwa wa hapohapo. Kiwanja chake kilipakana na cha Rosalia, mjane kutoka Newala, na vyote viwili vilitazama mikoko. Mmoja wao lazima angeingia kwenye ukanda. Jabiri alikuwa amefyeka na kufagia kwake mpaka mchanga unang'aa, hakuna hata jani. Hakutusimamisha hapo. Alitupeleka moja kwa moja kwenye bustani ya Rosalia.

"Tazama, Ndugu Ofisa. Mboga pwani hiyo! Majani manene, yamejaa chumvi. Bahari imeshafika hapa."

Rosalia alitoka ndani na jembe lake. Alikuwa na mihogo, migomba na nyumba ya udongo aliyoisiliba mwenyewe baada ya mumewe kufa. Hakuwa na pengine pa kwenda.

"Bahari gani?" akasema. "Hiyo nimeipanda mie."

Jabiri alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, sikieni vituko vya watu wa kuja! Nani duniani anapanda mboga pwani? Inajiotea ufukweni kama uchafu. Kesho atatwambia anapalilia mawimbi!"

Hata mie nilicheka, sifichi. Mtu wa pwani mboga pwani anaichuma tu. Lakini Newala juu kule, mboga ikikupendeza unaitengea tuta. Rosalia aliionja kwa jirani, akaipenda, akaomba vipando.

"Jirani gani?" Gregori akauliza.

"Chausiku. Mke wa huyuhuyu anayecheka."

Chausiku alikuwa mpakani, ndoo mkononi. Gregori akamwita, akamuuliza kama ni kweli. Chausiku akamtazama mumewe, kisha akatazama chini.

"Mie sijui. Sijampa mtu kitu."

"Chausiku," Rosalia akasema taratibu, "ulipojifungua nani alikukanda maji ya moto siku arobaini?"

"Sijui, dada. Msinitie kwenye maneno yenu."

Gregori akanionyesha kizingiti cha Rosalia. "Gonga kigingi hapa."

"Bwana, mboga yenyewe imekaa kwa mistari," nikasema. "Bahari haipandi kwa mistari."

"Umeajiriwa kugonga."

Nikanyanyua nyundo. Rosalia akaweka mguu wake pale pale kigingi kilipotakiwa kuingia.

"Ngoja kwanza, msomi. Hiyo chumvi unayoitafuta, iko kwenye majani au kwenye ardhi?"

Gregori akashusha ramani. "Kwenye ardhi. Majani ni dalili."

"Basi acha dalili. Kunywa."

Akaenda kwenye kisima chake nyuma ya migomba, akarudi na kata imejaa maji. Gregori akanusa, akaonja, halafu akayanywa yote.

"Ni matamu," akasema.

"Sasa kanywe kwa mjumbe."

Kicheko cha Jabiri kilikatika. "Kwangu hakunyweki leo. Kisima kinasafishwa."

"Mwaka wa nne kinasafishwa!" Rosalia akasema. "Mkeo anafuata nini kwangu kila asubuhi na ndoo? Salamu?"

Nikaenda mwenyewe kisimani kwake, Gregori nyuma yangu, nikafunua bati, nikateka. Gregori alitia funda moja akalitema karibu na makubazi ya Jabiri. Kisha akakwangua ule mchanga uliofagiliwa kwa ncha ya kiatu. Chini yake kulikuwa na mizizi ya mboga pwani, imekatwa juzijuzi, mingine imeanza kuchipua. Mtu yule nilimchukia, ila ramani yake hakuidanganya.

"Vuta mnyororo," akaniambia.

Mstari ulipita katikati ya jiko la Jabiri. Nilipoweka kigingi akanishika mkono.

"Mfaume, wewe Muislamu mwenzangu. Unanigongea mie kwa ajili ya mtu wa kuja?"

"Na mie nimekuja," nikamwambia. "Niachie mkono nisije nikakuponda vidole."

Niligonga kwa raha, sikatai. Nilizidisha na mapigo mawili ambayo kigingi hakikuyahitaji.

Chausiku alikuwa amekaa juu ya ndoo yake. "Tutakwenda wapi?" akauliza.

"Boko," Gregori akasema. "Mtapewa kiwanja."

"Boko tutapata maji?"

Gregori alikuwa anakunja ramani. "Hilo halimo kwenye kazi yangu."

Chausiku akainuka, akaenda mpaka kwa Rosalia. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwenzangu, hizi siku zilizobaki, nije nichote?"

Rosalia hakumtazama. Alikuwa ameshakata matawi ya mchongoma, anayaburura, anayapanga moja moja kuzunguka kisima. Miiba ilimchana mikono, naye akaendelea kupanga. Chausiku akanigeukia mie, kana kwamba mshika mnyororo ana la kusema. Nikakusanya vigingi vilivyobaki, nikamfuata Gregori.