Amri ya HOLD

Kapteni kutoka Koboko alisimama nyuma ya kiti cha Hadijah, askari wake wawili mlangoni. "Toa majina ya wafanyakazi wote wanaotoka Vurra. Lori ya kuwabeba iko nje inangoja."

Kompyuta ya kiwanda cha tumbaku, pale Arua, haikujua huruma wala woga. Ilijua amri tu. Hadijah aliingiza kazi ya kuchapisha majina, kisha akaandika HOLD ili majina yabaki foleni, yasichapishwe.

"Iko na kazi mingi, afande. Haiwezi sasa."

Kapteni aliinama, akaliona neno HOLD kwenye kioo cha kompyuta. Akawafokea askari wake: "Mashine imeharibika! Pandeni lori!"

Askari walipotoka, kapteni akamnong'oneza Hadijah: "HOLD haitoshi, dada. Kesho mutu mwingine ataifungua. Andika CANCEL, ifutike."