Barua Themanini na Nne

Narcisse alikuwa karani wa serikali katika sekta ya Rugerero, karibu na mpaka, kwa miaka ishirini na sita, na alipostaafu aliendelea kuwaandikia watu barua kwa kompyuta ndogo yenye Linux. Mwaka huu kompyuta ilianza kuganda. Alikuwa akiandika neno, anakwenda kunywa chai, akirudi anakuta herufi mbili zimetokea.

Mkewe, Mukandori, alisema ni unyevu wa ziwa la jirani. Kwa wiki nzima kompyuta ilikaa jikoni karibu na mbabula, jiko la mkaa. Haikupona.

Ndipo Narcisse akamwita Umurerwa, fundi wa kompyuta mwenye kibanda huko Mahoko. Alifika kwa moto, pikipiki ya abiria, akaketi, akajaribu kusogeza mshale. Mshale haukusogea.

"Papa, inaganda hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Mi nangojaka tu. Sijawahi kuizima."

Umurerwa alibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, skrini ikawa nyeusi yenye maandishi meupe. Akasoma kwa muda mrefu.

"Diski iko muzima. Joto ni ya kawaida. Lakini memori imejaa yote, sasa mashine inahifadhi vitu kwenye diski, na diski yako ni ya polepole. Papa, umefungua barua ngapi?"

"Zote."

Zilikuwa themanini na nne.

"Na juu ya nini hufungi?"

"Nikifunga, nitajua namna gani fasi yenye iko?"

Umurerwa hakucheka. Alimtengenezea folda, akamwonyesha namna ya kuhifadhi. Walifunga barua moja moja, na kila moja Narcisse aliomba ifunguliwe tena ahakikishe bado ipo. Kazi hiyo ilianza saa nane mchana na kwisha saa kumi na mbili. Kila walipofunga kumi, mashine iliongeza mwendo kidogo.

Ikabaki moja. Ilikuwa na mstari mmoja: "Dada yangu Pascasie, kuhusu maziko ya mama."

"Hii nayo tufunge?"

"Hiyo haijaisha," Narcisse alisema. "Kompyuta inagandaka."

Mama yao alizikwa Goma, ng'ambo ya mpaka, mwaka ule mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona. Narcisse hakuvuka. Baada ya mpaka kufunguliwa aliona haya kwenda mikono mitupu bila maelezo, akaanza barua. Pascasie anakaa Birere, hukohuko Goma, mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Mwaka huu, kila dada alipouliza, aliambiwa kompyuta ni mbovu.

"Bon," alisema Umurerwa, akifunga mkoba wake. "Sasa haigandi."

Narcisse alimtazama kama mtu aliyepewa habari mbaya. Kisha akaandika. Asubuhi ya pili alikuwa na kurasa tatu, na mashine haikusita hata mara moja. Akamtumia dada yake kwa WhatsApp.

Jibu lilikuja kwa ujumbe wa sauti. "Narcisse, nimeona kama uliandika. Miwani yangu ilivunjika. Kuja unisomee mwenyewe."

Jumamosi alichapisha zile kurasa, akapanga foleni mpakani pamoja na wauza karoti, akavuka. Alisoma amesimama. Pascasie alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia tarehe mbili si sahihi, na kwamba mama hakuzikwa Jumanne bali Alhamisi. Halafu akamwuliza kama amekula.

Alikuwa hajala. Akaketi.