Kitanda cha Jumamosi

Kila Jumamosi wageni hutoka saa nne asubuhi na wengine huingia saa kumi jioni, na katikati ya hapo nyumba ya Thaxter huwa mikononi mwa Lorna. Anavua mashuka, anakung'uta mchanga kwenye mazulia, anachomoa nywele za watu kwenye tundu la bafu, kisha anapanga darubini mbili dirishani ili wageni wapya wawaone vizuri vitwitwi, ndege wa matopeni. Nyumba bado inaitwa ya Thaxter kwa sababu wageni wanapenda majina ya kizamani. Akina Thaxter wenyewe, yaani Lorna na baba yake Wilf, waliambiwa wahame pale mwenye nyumba alipogundua kwamba wapenda ndege wa mjini wana faida kuliko mkata matete. Sasa wanaishi kwenye karavani nyuma ya kituo cha petroli, mbali na pwani, ambako bahari haisikiki kabisa.

Mzee Wilf alipougua mapafu na daktari akasema hatauona mwaka mpya, aliomba jambo moja tu. Alitaka kufia chumba cha juu, upande wa dirishani, alikozaliwa na alikofia mkewe. Lorna akampigia simu Bi Philippa, mwenye nyumba, aliyekuwa London.

"Wiki moja tu, Bi Philippa. Hata siku tatu."

"Jamani, Lorna, pole sana. Lakini imejaa mpaka Krismasi. Halafu mtu kufia kitandani, unajua tena, wageni wataandika kwenye mtandao."

Zikabaki Jumamosi. Lorna alikuwa akimleta baba yake kwa gari, akampandisha ngazi kwa kumshika kiuno na kumlaza juu ya godoro tupu. Wilf alifumba macho akajitahidi kufa. Lorna alisafisha vyumba vingine kwanza, hicho akakiacha mwisho.

"Vipi, baba?" aliuliza kutoka ngazini.

"Bado."

"Usijilazimishe."

"Nani anajilazimisha? Na hilo limashine lako linavyonguruma, nani atakufa humu?"

Lorna akazima mashine ya kufyonza vumbi, akachukua ufagio. Haikusaidia. Jumamosi nyingine mzee alisema alikuwa amekaribia kabisa, ila ndipo Lorna akaingia na chai. Lorna alicheka, akamvisha viatu, akamshusha kabla wageni hawajafika. Kisha akalia garini huku ameshika usukani, na baba yake akajifanya anatazama ng'ombe. Iliwauma wote wawili, mtu kuazima kitanda chake mwenyewe na kukirudisha akiwa bado hai.

Mwezi wa tisa Wilf alianza kuota manyoya. Yalianzia mabegani, na nesi akashauri apakwe mafuta. Miguu ikawa myembamba na ya kijivu, mwili ukawa mwepesi hata Lorna akawa anamwinua kwa mkono mmoja.

"Ndege hawaombi nafasi kwa mtu," mzee alisema. "Wanashuka tu."

Alhamisi akaruka. Alipita juu ya kituo cha petroli, mguu wa kushoto ukining'inia vibaya kama ulivyokuwa tangu alipoanguka kwenye mtumbwi wa kubebea matete, akaelekea baharini. Lorna alifunga karavani akamfuata kwa gari.

Alimkuta ameshatua kwenye kizingiti cha dirisha la juu, anagonga kioo kwa mdomo. Wageni wa wiki hiyo, mzee mmoja mstaafu aitwaye Gerald na mkewe Imogen, walikuwa wamemwona wakinywa kahawa. Gerald alipiga picha akawatumia wenzake, na kabla ya jioni magari yalikuwa yameziba njia. Watu walijipanga ukutani na darubini zao za miguu mitatu, kimya kama wako kanisani. Kwetu pwani hilo si jambo la ajabu. Akitua ndege asiyejulikana, kuna watu huacha harusi.

"Siberia," Gerald alisema. "Huyu si wa huku. Upepo umempoteza njia, maskini."

"Ni baba yangu," Lorna alisema. "Ni wa hapa hapa."

Imogen alimtazama kwa huruma. "Pole, mpenzi. Lakini mkia ule si wa hapa."

"Chumba hicho ndimo alimozaliwa. Nifungulieni dirisha aingie."

Ukuta mzima ukamgeukia. Wapenda ndege wana mwiko mmoja mkubwa: ndege wa namna hiyo hasogelewi wala hashtuliwi.

"Shhh! Utamfukuza!"

"Dada, hebu kuwa na utu. Wengine tuko barabarani tangu alfajiri."

Bwana mmoja mwenye koti la kijani alimshika Lorna mkono, taratibu tu, bila ubaya. Imogen alifunga mlango wa chumba cha juu ili ndege asisumbuliwe, na usiku ule yeye na mumewe wakajibana kwenye makochi ya sebuleni. Kitanda kikakaa kitupu.

Wilf aligonga kioo mpaka giza. Ijumaa, wakati wa kifungua kinywa, aligonga tena kidogo, akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafa. Lorna aliyaona yote kwa darubini aliyoazimwa na yule bwana wa koti la kijani. Watu kadhaa walilia, na walilia kweli. Gerald alimfunga ndege kwenye mfuko akamweka kwenye friza ya jikoni, amsubiri mtu wa makumbusho Jumatatu, maana ndege adimu ni mali ya watu wote.

Jumamosi wageni walitoka saa nne. Lorna hakugusa mashine wala ufagio. Alimtoa baba yake katikati ya mfuko wa njegere na kopo la aiskrimu, akapanda naye juu. Alitandika mashuka safi, akamlaza upande wa dirishani, akafungua dirisha. Maji yalikuwa yanajaa. Aliwaza kuondoka naye, lakini angempeleka wapi? Kwenye karavani ndiko alikokataa kufia.

"Haya, baba," alisema. "Jumamosi hii hakuna haraka."

Honi ikalia nje. Wageni wapya walikuwa wamewahi. Lorna alimrudisha baba yake kwenye friza, akafungua mlango.

"Ni kweli yule ndege alitua hapa?" mama mmoja aliuliza akiwa bado garini.

"Kweli."

"Na tumemkosa! Chumba kipi?"

"Cha juu."

"Basi sisi tunalala hicho."

"Nipeni dakika moja," Lorna alisema. "Sijamaliza kutandika."

Upande wa dirishani shuka lilikuwa limelowa kidogo, pale barafu ilipoyeyuka. Lorna akaligeuza, akalinyoosha, akachomeka pembe chini ya godoro.